Uji wa Mama Kabula

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kung'ata masikio, na moyo wangu sijui niuweke wapi.

Shajara, mvua ilianza kabla jogoo wa jirani hajawika, na hadi jioni hii ninapoandika bado inanyunya. Baridi ya Sumbawanga haikuulizi kama una sweta. Nimevaa mawili, juu nimejifunga kitenge, na bado vidole vinagoma kubonyeza simu. Wale mnaopita hapa mtandaoni kutafuta vituko vya wateja, kama yule wa juzi aliyetaka kulala na baiskeli yake chumbani, leo mnisamehe. Sina cha kuchekesha.

Leo nimetoa huduma mbovu kuliko zote nilizowahi kutoa, na nimeitoa makusudi.

Kwa asiyenijua, nakaa mapokezi kwenye gesti moja hapa mjini, si mbali na hospitali. Wateja wetu wengi ni watu wanaouguza. Wanatoka bondeni, wanatoka vijiji vya Kalambo, wanatoka mwambao wa ziwa, na wanakuja na ndoo, mkeka na wasiwasi. Wengi wao hulala hukohuko hospitali, wakichoka sana ndipo wanakuja kwetu kuoga na kunyoosha mgongo. Bosi wetu, mama mpenda maendeleo, aliwahi kutupeleka semina ya huduma kwa wateja. Mwezeshaji alivaa tai, akatufundisha kutabasamu hata kama jino linauma, kumwita mteja kwa jina lake, na zaidi ya yote kutomsubirisha. Tuliporudi bosi alibandika karatasi nyuma ya kaunta yangu: MTEJA ASISUBIRISHWE.

Mimi wala sikuhitaji karatasi. Haraka ndiyo sifa yangu pekee hapa duniani. Sura ya kawaida, shule niliishia kidato cha nne, lakini ukiniomba taulo, hujafunga mdomo taulo liko mkononi. Anayesubirisha watu pale ni Paskazia, mpishi wetu. Ukiagiza kwake chapati za asubuhi, unaweza kuzila mchana. Ukilalamika atakwambia subira yavuta heri, kisha ataendelea kukata vitunguu polepole kama anaogopa kuviumiza. Mimi na yeye tumegombana kwa ajili hiyo mpaka tumechoka.

Jana mchana alikuja Mama Kabula.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Ni Msukuma wa Mtowisa, kule chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, familia yao ilihamia na mifugo yeye akiwa bado binti. Kwao ni joto, watu wanalala madirisha wazi. Hapa kwetu alitetemeka mpaka ufunguo niliompa ukawa unagonga kaunta. Aliletwa na wifi yake, Milembe. Wawili hao walikuwa wanapokezana kumuuguza Kabula, binti mkubwa wa huyu mama, aliyefanyiwa operesheni ya tumbo. Tangu wamlete mgonjwa, mama hakuwa amelala kitandani hata usiku mmoja. Milembe akamwambia nenda kaoge, kalale, mimi nitabaki naye. Mama hakutaka. Walibishana mbele yangu kwa Kisukuma, na mwishowe mama akakubali kwa sharti kwamba asubuhi na mapema apate uji wa kumpelekea mwanawe.

Akafungua mfuko wake. Akatoa unga wa ulezi aliotoka nao nyumbani, malimau, na chupa ya chai nyekundu yenye maua yaliyopauka. Kabula hakuwa anapokea chakula chochote, alisema, ila uji huo wenye limau. Jana asubuhi alikuwa amemaliza kikombe kizima kwa mara ya kwanza. Alinisimulia kikombe hicho kama mzazi anayesimulia kwamba mtoto wake amefaulu. Nikamwambia, mama, ukiamka tu utakuta chupa yako imejaa. Nilimpa blanketi la pili aliloomba, nikampelekea maji ya moto ya kuoga hadi mlangoni, na yeye akaniita ng'wanone, maana yake kwao ni mwanangu. Simu yake, kiswaswadu kilichofungwa kwa mpira, ilikuwa imeisha chaji, nikaichomeka kwangu kaunta. Kwa sababu hiyo Milembe alichukua namba yangu mimi kabla ya kurudi wodini. Alisema, kukiwa na lolote nitakupigia wewe.

Nikajibu hakuna shida. Hayo ndiyo majibu yangu kwa kila kitu.

Leo alfajiri akanipigia. Nilikuwa nimeshika ufagio, nafagia pale mlangoni matope ya viatu vya watu.

"Dada," alisema, "Kabula hatunaye."

Nikasikia nyuma yake watu wanaongea kwa sauti za kawaida na ndoo inaburuzwa sakafuni. Nilisema pole, nikasema tena pole, hadi yeye mfiwa ndiye akanituliza. Kisha akanieleza taratibu. Nisimwambie mama. Ana presha, na habari kama hii mtu hapewi akiwa peke yake ugenini, tena apewe na mtu baki. Baba Kabula na kaka yake wameshaanza safari kutoka Mtowisa, wakifika ndio watakaomwambia. Yeye Milembe hawezi kutoka hospitali kwa sasa. Nimpe chakula ale kwanza, maana akishajua hatatia kitu mdomoni. Na kwa namna yoyote ile nisimruhusu aende.

Nikajibu, "Sawa, dada," kama mtu aliyeagizwa chai mbili.

Ndivyo tunavyofanya, na sikuwahi kuhoji. Baba yangu alipofariki nilikuwa shule. Mjomba alikuja kunitoa darasani, akasema baba anaumwa kidogo anataka kuniona. Njiani akaninunulia soda ya chungwa na mkate, nikala nikashiba, nikamsimulia habari za mitihani, na yeye akawa anacheka pale panapochekesha. Tulipokata kona ya nyumbani nikaona turubai. Sikumlaumu mjomba hata siku moja. Ila soda ya chungwa sijainywa tena, na leo ndiyo mara ya kwanza nimejiuliza kwake ilikuwaje siku ile, kukaa pembeni yangu akinitazama ninavyokunywa.

Nilikwenda jikoni kwa Paskazia nikamwambia. Akaketi juu ya gunia la mkaa, akafanya ishara ya msalaba. Nikamwambia, dada yangu, leo nakuomba uchelewe. Uji wa huyu mama usiive mpaka wenyewe wafike. Akaitikia kwa kichwa.

Basi kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Paskazia aliwahi. Sijui ni mikono iliyotaka kazi ya kufanya, sijui ni hofu. Mama Kabula anatoka chumbani, ameoga, amefunga kilemba vizuri, uso umenyooka kwa usingizi, uji wa ulezi unanukia korido nzima.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akasema amelala kama mtoto mchanga, hata aliota yuko kwao. Akatazama kaunta kutafuta chupa yake.

Nikamwambia uji umeungua.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa na urefu wa korido ile, kutoka kaunta hadi jikoni, na harufu yote ya uji mzuri imejaa ndani yake. Alinusa. Niliona anavyonusa. Lakini ni mgeni mwenye adabu, na mimi ndiye mwenyeji niliyempa blanketi, kwa hiyo akasema haina neno, wapike mwingine, mimi nasubiri.

Nilimwandalia kifungua kinywa ambacho hakukiagiza: chai ya maziwa, chapati, mayai mawili ya kuchemsha. Alikula nusu ya chapati na yai moja. Yai la pili alilifunga kwenye pindo la kanga yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba anaiba, hili ni la Kabula, huenda leo akajaribu.

Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi na tabasamu la semina.

Akaomba simu yake. Akampigia Milembe, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akasema maskini wifi yangu, amekesha, atakuwa amesinzia. Nikasema ndiyo, mama, atakuwa amesinzia. Nikamuuliza habari za Mtowisa, mpunga mwaka huu ukoje, ng'ombe wamepona ule ugonjwa wa kwato? Akanijibu kila kitu kwa ukarimu, huku jicho liko mlangoni. Kila nilipomwita Mama Kabula nilihisi nimemchoma na kitu, ingawa yeye hakuhisi chochote. Mwite mteja kwa jina lake, walitufundisha. Nikaanza kumwita mama tu.

Na ngoja nikiri hapa, kwa sababu nisipokiri hapa nitakiri wapi. Kuna dakika nilijisikia hodari. Uongo ulikuwa unatoka vizuri, mmoja unashikana na mwingine, mkaa umelowa, limau limeoza, Paskazia kaenda dukani kuchukua sukari, na mama anaamini. Nikajisikia kama ninavyojisikia wakati gesti imejaa na nimewahudumia wote bila kukosea. Halafu nikamwona anavyopapasa lile yai kwenye pindo la kanga, nikajichukia.

Milembe alinitumia ujumbe kwamba wenyewe wamekwama mlimani. Mvua ya usiku imeharibu barabara ya kupandia kutoka bondeni, abiria wameshuka wanasukuma gari. Tafadhali dada, mshikilie.

Ndipo akatokea Kaka Issa. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki wa Kabwe, akileta migebuka mjini hulala kwetu, ana mdomo mkubwa na pikapu anayoisifia kuliko mkewe. Alikuwa anakunywa chai meza ya pili na amesikia kila kitu. Akaanza kunisema mbele za watu. Hivi nyie mnajiita wenyeji? Mama wa watu ana mgonjwa, tangu asubuhi mnampiga kalenda kwa sababu ya uji? Ungekuwa mama yako ungemfanyia hivi? Na mimi, ambaye tangu nianze kazi sijawahi kusemwa kwa kuchelewesha mteja, nikawa naitikia samahani kaka, samahani kaka.

Kisha akamgeukia Mama Kabula, akainuka, akatoa ufunguo mfukoni. "Mama, achana na uji wao. Nina gari hapo nje. Twende nikupeleke kwa mwanao sasa hivi."

Mama akasimama. Uso ulimfunguka jinsi ambavyo sitasahau.

Nilimshika Kaka Issa mkono, jambo ambalo hata mke wake asingelipenda, nikamvuta hadi kwenye ngazi nje nikamwambia. Alinitazama. Akatazama mvua. Alikwenda kwenye pikapu yake, akakaa nyuma ya usukani, akawasha, akazima. Akarudi ndani amelowa mabega, hakumwangalia mama usoni.

"Gari limegoma, mama," alisema. "Betri."

Halafu akachukua kiti chake akakisogeza karibu na mama akakaa hapo, mikono katikati ya magoti. Hiyo ndiyo huduma aliyoweza kutoa. Sote pale ndani tukawa tunajua, hata yule anayefua mashuka alishaambiwa, na katikati yetu ameketi mtu mmoja asiyejua, ambaye jambo lenyewe ni lake. Nilitamani apige kelele. Nilitamani anitukane, amwite bosi, avunje glasi, nipate kitu cha kuvumilia.

Hakutukana. Alinyanyuka tu akasema, "Ng'wanone, nionyeshe jiko."

Ningemzuiaje? Mteja ameshaambiwa uji umeungua, mkaa umelowa, mpishi hayupo. Akapita pembeni ya kaunta yangu, akafuata harufu, akamkuta Paskazia amesimama na sufuria iliyojaa uji mzuri wa rangi ya udongo, haujaungua popote. Paskazia, kwa kuogopa, akaipindua sufuria nzima kwenye ndoo ya makombo mbele ya macho yake. Unga wa watu, umesagwa nyumbani kwao. Mama aliitazama ile ndoo. Akaosha sufuria, akainjika maji, akaanza upya.

Alipika kama watu wanaopika kwa ajili ya mgonjwa wanavyopika, bila kuondoa macho. Alikoroga upande mmoja tu. Alituambia Kabula tangu mdogo hapendi mabonge, akikuta bonge moja anasusa kikombe kizima, baba yake humcheka anamwita bibi wa mjini. Alituambia Kabula anajua kuimba, na kwamba akiimba zizini ng'ombe husimama wakatulia kukamuliwa. Alituambia akipona ataolewa baada ya mavuno, mchumba ni mtu wa hukohuko bondeni, mtu mpole. Paskazia alikuwa amegeukia dirisha. Mimi nikaambiwa nikamue limau, na nikakamua. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akaniambia ongeza kidogo, Kabula anapenda ukali. Nikaongeza.

Niliongeza limau kwenye uji wa mtu ambaye hatunaye, ili ukolee anavyopenda.

Alimimina kwenye chupa, akakaza kifuniko, akafuta maua yale yaliyopauka kwa pindo la kanga. Hakukuwa tena na kisingizio. Alitoka jikoni moja kwa moja hadi mlango wa nje, nami nikatangulia nikasimama pale mlangoni. Nikasema mama, subiri mvua ipungue. Akasema mvua haijawahi kumzuia kwenda popote. Nikasema utateleza. Akasema binti, nipishe. Hakusema ng'wanone tena. Alisogea, nami nikaishika ile chupa, yeye ameishika juu na mimi nimeishika chini, tukabaki hivyo kama watoto wanaogombania kitu, na nilihisi joto la uji kwenye viganja vyangu.

Ndipo nyuma yangu nikasikia miguu kwenye ngazi.

Walikuwa wazee wawili, matope hadi magotini, mmoja amevua kofia. Mama Kabula aliwaona juu ya bega langu. Mikono yake ililegea, chupa ikabaki kwangu. Mumewe, ambaye alitakiwa kuwa Mtowisa na mifugo yake, alikuwa amesimama kwenye baraza ya gesti ya Sumbawanga amelowa chapa.

"Ng'ombe umemwachia nani?" Mama Kabula alimuuliza.

Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Akashusha macho chini.

Basi. Hakuna aliyetamka. Hakukuwa na haja.

Nilitegemea yowe. Halikuja mara moja. Kwanza alinigeukia mimi, na akaongea kwa sauti ile ile ya jana aliyoniombea blanketi.

"Uji wa kwanza haukuungua."

"Haukuungua, mama."

"Ningemkuta bado ana joto."

Kisha akayumba, shemeji yake akamdaka, na hapo ndipo sauti ilipotoka, kwa Kisukuma, ndefu, na lile jina ambalo nilikuwa nimeliogopa asubuhi nzima likaanza kuitwa ndani ya gesti yetu mpaka wateja wa vyumba vya nyuma wakatoka. Yai lilidondoka kutoka kwenye kanga likapasukia sakafuni. Kaka Issa aliwasha gari lake, likawaka mara ya kwanza, akawapeleka hospitali.

Kabla hawajaingia garini, yule kaka wa Baba Kabula alirudi kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema asante sana binti, umetutunzia mtu wetu, una utu. Nikasema karibuni tena. Ndivyo nilivyosema, Shajara. Karibuni tena. Mdomo ulizoea.

Mama Kabula hakunitazama.

Bosi alikuja mchana, akasimuliwa, akafuta machozi. Akasema nimefanya jambo jema, huo ndio ukarimu wenyewe, mteja si pesa tu ni binadamu. Akasema ningemwambia peke yangu na presha ile, pengine leo wangekuwa na misiba miwili. Huenda ni kweli. Paskazia naye anasema hivyo hivyo, na Paskazia hana tabia ya kunipa moyo. Watu wote wanasema nimefanya vizuri. Aliyenihukumu ni mmoja, na ndiye niliyekuwa namhudumia.

Nimekuwa nikiamini wema ni kitu chepesi. Taulo safi, maji ya moto, jina la mtu, salamu. Unampa mtu anachotaka, tena haraka, basi umekuwa mwema kwake. Leo kuna mama aliyetaka kitu kimoja tu, kwenda kwa mwanawe, na wema wa sisi wote kwa pamoja, mimi na Paskazia na Kaka Issa na ndugu zake wanaompenda, ulikuwa ni kumnyima. Tulimzungushia wema mpaka akakosa pa kupitia. Na ukiniuliza ningefanya nini kingine, sijui. Ningemwambia? Mimi, mtu baki, mwenye ufagio mkononi, na yeye aanguke pale? Ningemwacha aende akakute kitanda kimetandikwa upya? Nimegeuza upande huu na ule, kila upande kuna mama analia.

Nimpigie mjomba? Niliishika simu nikamtafuta, nikakaribia kupiga, nimuulize tu, mjomba, siku ile ya soda ulikuwa unajisikiaje? Nikaacha. Ni mzee sasa, na kwa miaka yote amedhani amenitendea wema. Labda alinitendea.

Wanamrudisha Kabula bondeni kesho barabara ikiruhusu. Siwezi kwenda kuzika, niko zamu, na hata ningepata ruhusa, ningekwenda kama nani? Yule wa gesti aliyemdanganya mama yake?

Chupa ya chai ilibaki kwangu. Katika purukushani ile hakuna aliyeikumbuka, niliiweka juu ya kaunta na ikakaa hapo mchana kutwa chini ya ile karatasi ya bosi. Bosi aliniambia niiweke kwenye kabati la vitu vilivyosahauliwa na wateja, pamoja na miavuli na chaja na kiatu kimoja cha mtoto. Paskazia akasema angalau nimwage uji niisafishe, usije ukachachia ndani. Nikamwambia nitafanya hivyo.

Wateja wapya wamefika jioni, mtu na mkewe kutoka Msanzi, wameleta mtoto hospitali. Wameuliza kama asubuhi wanaweza kupata uji mapema. Nikawaambia ndiyo. Sikutabasamu, na hawakuonekana kujali.

Kabla ya kufunga zamu nilikwenda na ile chupa jikoni kwenye sinki. Nilikuwa nimeamua. Nikafungua kifuniko, mvuke ukanipanda usoni, limau na ulezi, na nikasimama pale nimeshindwa kuinamisha mkono.

Uji bado ulikuwa na joto.